Miaka Miwili ya Cheryl

Tom alihesabu kwa vidole. Mzungu mzima, mwenye mabega ya kubeba mlango, alikaa kwenye sofa ya akina Mutai pale Fereej Bin Mahmoud akahesabu vidole kama mtoto wa chekechea, akaitazama tena pasipoti ya binti yao Cheryl iliyokuwa juu ya goti lake, akahesabu upya. Milcah alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya mandazi. Alijua mzungu atafika kwenye namba gani. Alikuwa akiijua kwa miaka kumi na mitatu.

"Kumi na sita," Tom alisema. "Nilidhani ana kumi na minane."

"Ni mrefu tu," Philipo, mumewe Milcah, alijibu haraka. "Kwetu watoto hukua upesi."

Tom alikuwa mhandisi wa ujenzi mchana. Jioni alifundisha timu ya wanawake ya Waaustralia waliokuwa wakiishi Doha. Mpira wenyewe si huu wetu wa kupiga chenga. Ni ule wa kwao, wenye umbo la yai, unaoshikwa kwa mikono, unaopigwa teke na kugombewa hewani. Cheryl aliangukia kwenye mchezo huo mwaka uliopita, akitoka kwenye mazoezi ya kikapu uwanja wa pili. Walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja wakamwita. Mpira wa kwanza uliomjia aliurukia akaudaka juu ya kichwa cha mwanamke wa miaka thelathini, kisha akauliza sheria zinasemaje. Hakuwa mgeni wa michezo: kikapu alicheza, mpira wa mikono alicheza, kuruka juu na mbio za mita mia nne hakuwa na mpinzani wa rika lake katika shule zote za kigeni mjini.

Sasa, kule Australia, ligi ya wanawake ilikuwa imeanza mwaka huohuo, na timu zilikuwa zinasaka wasichana wa michezo mingine wanaoweza kufundishwa. Kila mwaka kuna siku moja ambapo timu hukaa chini na kuchagua wachezaji wapya, mmoja baada ya mwingine. Asiyeandikishwa hachaguliwi. Tom alikuwa ametuma video Melbourne, na timu moja ilikuwa imejibu: tunamtaka, mwandikishe kabla ya Alhamisi. Hii ilikuwa Jumapili. Sharti lilikuwa moja tu, mchezaji awe ametimiza miaka kumi na minane kabla ya mwaka kwisha.

"Samahani sana," Tom alisema kwa Kiingereza chake cha kuburura, akaifunga pasipoti. "Ajaribu tena baada ya miaka miwili."

Cheryl alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na runinga, magoti yakimfika kifuani. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayekubali kubadilishiwa saa ya daktari.

"Ni mapenzi ya Mungu," Philipo alisema.

Milcah aliiweka sahani mezani. Aliiweka polepole, maana angeiweka kwa namna nyingine ingevunjika, na sahani zile zilikuwa za wageni.

*

Aliposikia lifti imeshuka na Tom, na mlango wa chumba cha Cheryl umefungwa, Milcah alimfuata mumewe jikoni. Philipo alikuwa anamimina chai kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

"Mimi nilizaa lini, Philipo?"

"Punguza sauti, Mama Cheryl."

"Nimekuuliza nilizaa lini."

Philipo aliufungua mlango wa friji, akachukua katoni ya maziwa ya Kituruki, yale yaliyoletwa baada ya mpaka wa Saudia kufungwa, akaisoma kama barua. "Tisini na tisa," alisema hatimaye. "Tarehe tisa mwezi wa kumi."

"Na kwa pasipoti Mungu aliandika nini? Maana leo nasikia Mungu ndiye karani."

"Elfu mbili na moja."

"Haya. Basi usiniletee mambo ya mapenzi ya Mungu mbele ya wageni. Yalikuwa mapenzi ya Philipo Mutai na yule rafiki yake wa ofisi ya vyeti, na mimi mjinga nikakaa kimya."

Kisa chenyewe hakikuwa kigeni kwao. Philipo aliwahi kukimbia. Mwaka wa tisini na moja alisimama kwenye mchujo wa vijana, na umri wake halisi wa miaka kumi na saba, akamaliza wa tano. Walichukuliwa wanne. Wawili kati ya hao wanne walikuwa wanaume wenye wake, mmoja alimpungia mkono mtoto wake aliyekuwa amebebwa jukwaani, na vyeti vyao vilisema ni vijana. Philipo alirudi nyumbani akaanza kuendesha lori. Basi mwaka 2004, Cheryl alipohitaji cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti ya kuwafuata Doha, baba yake alimwangalia alivyo na miguu mirefu akiwa na miaka minne, akaamua kwamba mtoto wa Mutai hatakimbia na vibibi wenye vyeti vya watoto. Alimkata miaka miwili. Pale kijijini kwao hakuna aliyeona kosa. Walimwambia amechelewa, wengine hukata mitatu.

"Mimi nilimsaidia," Philipo alisema. "Amesoma bure kwa sababu yangu. Medali zote zile."

"Medali za kushinda watoto!"

"Na sasa unataka nifanye nini? Hii tarehe iko kwa iqama, iko shuleni, iko kwa kampuni. Mandub, yule wa vibali wa kampuni, akijua nilimpa karatasi ya uongo tutalala ndani, halafu ndege moja kwa moja. Ndiyo unataka?"

"Kampuni yenyewe inakurudisha nyumbani Machi."

Philipo aliyarudisha maziwa kwenye friji. Kampuni ya mabasi ya Industrial Area ya Doha, ambako alikuwa msimamizi wa madereva, ilikuwa inapunguza watu, na mkataba wake haukuwa na dalili ya kuongezwa. Iqama ya Cheryl, kibali chake cha kuishi Doha, ilitegemea ya baba yake. Miaka miwili ya kungoja haikuwapo. Wote watatu walijua, hata aliyekuwa amejifungia chumbani.

"Atapata kitu kingine nyumbani," Philipo alisema. "Ni mtoto wa bidii."

Milcah aliufunga mlango wa jikoni. Alikuwa mwuguzi, alizoea kuwaambia watu mambo mabaya kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ikamjia yenyewe. "Si mtoto," alisema. "Kesho anatimiza kumi na minane, na nyumba hii nzima hakuna keki."

*

Kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya boksi la viatu vya kanisani, chini kabisa, imefungwa kwa karatasi ya plastiki. Milcah hakujua kwa nini hakuichoma miaka yote hiyo. Ilikuwa na uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi, chanjo zote, na juu, kwa mwandiko wa mkunga ambaye Milcah alikumbuka hata harufu ya sabuni yake: 9/10/1999.

Jumatatu alitoka kazini kwenye kliniki ya Al Sadd akachukua teksi mpaka uwanjani. Joto la Oktoba lilikuwa bado linaunguza magoti. Cheryl alikuwa bado anakimbia na wanawake wale, ingawa hakuna tena aliyemhitaji kukimbia. Milcah alimngoja kwenye ngazi za saruji, na binti alipokuja na chupa yake ya maji, alimpa kadi kabla hata ya salamu, akijua akianza kwa salamu hatasema.

Cheryl aliisoma. Aliigeuza upande wa pili, akaona uzito, akarudi kwenye tarehe.

"Hii ni ya nani?"

"Yako."

"Nilikuwa na dada?"

Lo! Mtoto wa watu alikuwa tayari kuamini kwamba alikuwa na dada aliyekufa, kuliko kuamini wazazi wake wanaweza kumdanganya. Milcah alimwambia yote: ofisi, cheti, lori la baba yake, kimya chake mwenyewe. Alimwambia bila kujitetea, kwa kuwa alikuwa amejitetea mbele ya Mungu kila Ijumaa, siku ya ibada ya Doha, na hakuwa amepata nafuu.

Cheryl hakulia. Aliuliza maswali kama mtu wa bima.

"Nilipopata damu nikiwa na miaka kumi, na mwalimu akaandika barua niende kupimwa?"

"Ulikuwa na kumi na miwili."

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba ni maumbile ya kwetu."

"Waliponiita Twiga darasa zima. Nikakuuliza mbona niko hivi. Ukaniambia Mungu amenipa mapema."

Milcah alinyoosha mkono kuichukua kadi. Cheryl aliivuta.

"Mimi nilikuwa nainama, Mama. Kwa picha zote za shule nimekunja magoti." Sauti yake ilianza kupanda na wanawake wawili waliokuwa wanavua viatu wakageuka. "Nilijua niko na kasoro, lakini nikasema sawa, angalau kwa uwanja inafaa. Angalau nina kipaji. Kumbe kipaji changu ni miaka miwili? Ile mnayoficha kwa boksi ya viatu?"

"Cheryl, una kipaji, hata Tom..."

"Utajuaje? Nani atajua? Nimeshindana na watoto maisha yangu yote!" Alisimama. Urefu wake wote ulisimama, bila kuinama. "Shiru anajua?"

"Hakuna anayejua."

"Atajua leo."

*

Virginia Mwaura alikuwa mpokezi wa wageni kwenye hoteli moja, mjane, akiishi ghorofa ya pili ya jengo hilohilo na binti yake Shiru. Walikuwa majirani wa kuazimana chumvi na kupeana lifti ya kwenda kanisani. Shiru alikuwa na miaka kumi na sita ya kweli, kila mwezi wake ukiwa mahali pake. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya walio chini ya miaka kumi na mitatu, mshindi wa jumla aliahidiwa kusomeshwa bure kwenye shule nzuri ya binafsi. Cheryl alikuwa wa kwanza, Shiru wa pili. Shiru alibaki kwenye shule ya zamu ya mchana, vitabu vya kurithiana. Kila mwaka baada ya hapo, Cheryl wa kwanza, Shiru wa pili.

Cheryl aliingia na mfuko wa plastiki wa supamaketi, akaumwaga mezani. Medali ziligongana. Milcah alikuwa nyuma yake, bado na sare ya kliniki.

"Hizi ni za Shiru," Cheryl alisema. "Mimi nimezaliwa tisini na tisa. Leo nafika kumi na nane. Nilikuwa nakimbia nikiwa mkubwa, na sikujua. Hawa walijua."

Virginia aliiangalia kadi. Ilichukua muda. Alipoinua uso, hakumtazama Cheryl.

"Milcah. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama Shiru."

"Ulikuwa unakaa na mimi jukwaani. Ulikuwa unanishika mkono ukisema, 'pole, mwaka ujao'."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza, hiyo nisamehe ikae hapo." Virginia alivuta kiti akaketi, akaanza kuzipanga medali bila kujua anachofanya, utepe huku, dhahabu kule. "Mimi nilimwambia huyu mtoto aongeze bidii. Kila mwaka nilimwambia, mbona Cheryl anaweza, mnakula ugali uleule? Na ule mwaka wa pili nilimchapa. Kwa uvivu. Nilimchapa kwa mshipi wa marehemu baba yake, na wewe ulisikia, maana ulikuja kunigongea ukaniambia nimwache, atajaribu tena."

Milcah alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba usiku ule alilala.

Shiru alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kijiko mkononi. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, mwenye mazoea ya kuomba radhi kabla ya kuongea. Safari hii hakuomba.

"Kwa hivyo sikuwa mvivu," alisema.

"Hukuwa," Cheryl alimjibu.

"Mum, umesikia? Sikuwa mvivu."

Virginia alijifunika uso kwa mikono miwili. Kisha, kutoka nyuma ya mikono hiyo, akamwambia Milcah atoke nyumbani kwake, na kwamba chumvi yake asimrudishie.

*

Tom aliipiga picha kadi ya kliniki, akaituma Melbourne usiku huohuo na barua ya Milcah iliyokubali kila kitu. Aliahidi kwamba hapa Doha hatamwambia mtu. Alikuwa mtu mwema, na kwa siku mbili wema wake uliwapa tumaini. Milcah alipika, Cheryl alikula, ingawa hakuketi meza moja na baba yake. Philipo alikuwa akitoka alfajiri na kurudi na kwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya habari. Alikuwa ameambiwa kila kitu, na neno lake lilikuwa moja tu: "Mmeniuza."

Jibu lilikuja Alhamisi mchana. Tom aliwaita kwenye gari lake nje ya uwanja, kiyoyozi kikivuma, akawasomea kwenye simu. Mchezaji mwenye tarehe mbili za kuzaliwa hawawezi kumwandikisha kwa tarehe yoyote. Akirekebisha pasipoti yake kisheria wataliangalia suala hilo upya, lakini kwa mwaka huu nafasi imepewa msichana mwingine, mchezaji wa kikapu kutoka mji wa kwao. Wanamtakia kila la heri.

"Kurekebisha ni muda gani?" Milcah aliuliza.

"Nilidhani wewe ungejua," Tom alisema, na hakuwa na nia mbaya, lakini Milcah alihisi amechapwa kofi. Alijua, kwa kweli. Ni kesi, ni kiapo, ni barua za ubalozi, kisha iqama mpya inayouliza ile ya zamani ilidanganya nini. Na Machi ilikuwa inakuja.

Cheryl alikuwa kiti cha nyuma. "Tom," alisema, "zile namba zangu za Septemba. Mita ishirini, kuruka, kilomita mbili. Ulinilinganisha na nani?"

"Na wasichana wa kumi na sita. Baada ya kuona pasipoti."

"Nilikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Kwa mbali."

"Unayo orodha ya wakubwa? Walioandikishwa mwaka jana?"

Alikuwa nayo. Alisita, akamtazama Milcah, Milcah akageukia dirisha. Alitaka kumwambia msichana aache, asiguse, kwani kama angekuwa wa hamsini angeishi na hilo pia. Lakini alikuwa ameshamwamulia mambo ya kutosha maishani. Tom alifungua faili kwenye simu, akaandika namba, akazipanga. Ilichukua dakika kadhaa. Cheryl alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

Tom alimpa simu ajionee mwenyewe.

*

Philipo alikuwa sebuleni, viatu vimevuliwa, runinga ikizungumza peke yake. Walipoingia aliwatazama nyuso, akaelewa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Hilo Milcah aliliona vizuri: pumzi ya nafuu.

"Wamekataa," Philipo alisema.

"Wamekataa," Cheryl alimjibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa baba yake tangu Jumatatu.

"Si niliwaambia? Mngeninyamazia tu. Sasa tumepata nini?"

Cheryl alikwenda akasimama kati yake na runinga. "Tom amepima namba zangu na za watu wa umri wangu, Baba. Umri wangu wa ukweli. Wanawake wakubwa, wale walioandikishwa Australia nzima."

Kidole cha Philipo kilitafuta kitufe cha kuzima runinga. Friji ilisikika ikinguruma jikoni.

"Ukawa wa ngapi?"

"Nimekuwa wa tatu."

"Wa tatu kati ya wangapi?"

"Mia moja na sita. Kuruka nimekuwa wa kwanza." Midomo ilikuwa inamtetemeka sasa, mara ya kwanza wiki nzima. "Nilikuwa nawashinda, Baba. Na umri wangu. Nilikuwa nawashinda tu. Hukuwa na haja ya kuniibia hata siku moja."

Milcah hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa anamtazama mumewe, mkimbiaji wa tisini na moja, dereva wa lori, na aliona kitu ambacho hakukitarajia. Maneno ya mwisho hayakuwa yamemfikia. Alikuwa bado kwenye namba. Wa tatu kati ya mia moja na sita! Macho yalikuwa yameanza kumng'aa, kifua kimepanda, pembe za mdomo zinanyanyuka zenyewe, uso wa baba aliyesimama jukwaani mtoto wake akikata utepe.

"Philipo," Milcah alisema. "Usithubutu. Usithubutu kutabasamu ndani ya nyumba hii."